Fimbo ya Mita Moja, Kivuli na Maji ya Bamvua

Hotuba kwa wanafunzi wa sekondari, Mombasa

Walimu wetu, wazazi mliofika, na nyinyi wanafunzi: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Vitabu vya jiografia mnavyosoma vina ugonjwa mmoja. Michoro mingi iliyomo ilichorwa na watu wanaoishi mbali kaskazini, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima na mwezi mchanga husimama wima kama upinde. Tokeni nje hapa Mombasa muone. Mwezi mwandamo umelala chali kama dau. Jua la mchana liko upande wa kaskazini tangu Machi mpaka mwanzo wa Oktoba, kisha lavuka kwenda kusini. Misimu twaijua kwa upepo, kaskazi na kusi. Anayekariri mchoro bila kutoka nje mtihani atapita, lakini anga atakayokuwa anaijua ni ya watu wengine.

Kwa hivyo leo hatukuleta darubini. Tumeleta fimbo ya mita moja, timazi ya mwashi, utepe wa kupimia na jedwali la saa za maji kujaa na kupwa. Kwa vitu hivi vinne utapima ukubwa wa dunia, na utajua kwa nini bahari ya hapa haifuati mchoro wa kitabu.

Tuanze na saa sita ya mchana. Wengi wenu mwadhani saa ikigonga sita, jua liko juu kabisa. Hapa Mombasa halipo, wala haitokei siku hata moja ya mwaka. Saa za Kenya zimewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Sisi tuko nyuzi 39 na dakika 40, yaani magharibi ya mstari huo kwa nyuzi 5 na theluthi. Dunia hugeuka nyuzi moja kila dakika 4, basi jua lachelewa kutufikia kwa dakika 21 hivi. Juu ya hapo kuna dakika nyingine zinazoongezwa au kupunguzwa, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama. Mwanzo wa Novemba jua hufika juu saa sita na dakika 5. Katikati ya Februari ni saa sita na dakika 36.

Ushahidi umebandikwa ukutani. Tazameni ratiba ya swala msikitini, safu ya Adhuhuri, kwa sababu Adhuhuri huingia jua linapopinduka. Fuata safu hiyo mwezi baada ya mwezi utaona dakika zapanda na kushuka kama tulivyosema, ila aghalabu huongezwa dakika chache za tahadhari. Hiyo ni data ya falaki ya mwaka mzima, na ni ya bure.

Sasa fimbo. Kuna siku mbili kwa mwaka ambapo jua hupita juu ya utosi wa Mombasa na fimbo iliyosimama wima haina kivuli: tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba, siku moja mbele au nyuma kutegemea mwaka. Machi ni bora, mvua za masika hazijaanza na mawingu ni machache. Siku hiyo jua hufika juu saa sita na dakika 32.

Siku hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, Garissa fimbo ya mita moja ina kivuli cha sentimita 6.3 kinachoelekea kaskazini. Kwa nini Garissa? Kwa sababu iko karibu kabisa kaskazini ya Mombasa, longitudo zao zatofautiana kwa chini ya dakika moja ya nyuzi. Jua lafika juu kwa miji yote miwili kwa pamoja, tofauti ni sekunde chache. Mataifa makubwa yana vyuo vikubwa lakini si kila nchi iliyobarikiwa miji miwili iliyokaa hivi.

Hesabu ni hii. Gawanya kivuli kwa urefu wa fimbo: 6.3 kwa 100 ni 0.063. Bonyeza tan kinyume kwenye kalkuleta, utapata nyuzi 3.6. Duara zima ni nyuzi 360, na 3.6 imo ndani yake mara 100. Mombasa hadi Garissa kwa mstari ulionyooka ni kilomita 400 hivi. Zidisha kwa 100: kilomita 40,000. Mzingo wa dunia ukipitia ncha mbili ni kilomita 40,008. Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki, alifanya jambo hili huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kati ya Syene, ndiyo Aswan ya leo, na Alexandria, na pembe aliyoipata ilikuwa sehemu moja ya 50 ya duara. Yetu ni nusu ya ile.

Inavyosikika ni rahisi. Tatizo ni kwamba sentimita 6.3 ni kitu kidogo, na makosa madogo huila haraka.

Kosa la kwanza ni fimbo iliyoinama. Ikiinama nyuzi moja tu, ambayo jicho haliioni, kivuli chapotea au chaongezeka kwa karibu sentimita 1.75. Hiyo ni zaidi ya robo ya kipimo chote. Kosa la pili ni ukungu wa kivuli chenyewe. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi angani, kwa hivyo ncha ya kivuli haina ukingo mkali. Kwa fimbo ya mita moja, mahali giza linapoyeyuka kuwa mwanga pana upana wa karibu sentimita nzima. Wanafunzi wawili wakipima kivuli kimoja watatoa majibu mawili, na wote wana haki.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja. Kata kadi ngumu ya sentimita 10 kwa 10, toboa tundu la milimita 3 katikati, uigande kwenye ncha ya fimbo ilale kama sinia. Sasa chini hutatafuta ncha ya kivuli. Utaona kiduara cha mwanga ndani ya kivuli cha kadi, upana wake kama sentimita moja, na hiyo ni picha ya jua lenyewe. Pima hadi katikati ya kiduara. Halafu usipime kutoka shina la fimbo. Ning'iniza timazi kutoka kwenye tundu, tia alama pale ncha yake inapogusa ardhi, na hapo ndipo mwanzo wa kipimo. Urefu nao upime kutoka tunduni hadi chini. Ukifanya hivi hata fimbo ikipinda kama mgongo wa ng'amba haikudhuru, kwa sababu timazi haidanganyi. Upepo wa kaskazi utaitikisa. Tumbukiza risasi yake ndani ya kikombe cha maji itulie, kisha soma.

Watu huhangaika sana na usawa wa sakafu. Siku ya kivuli kifupi haina maana kubwa. Mteremko mdogo hubadilisha kipimo kwa chini ya milimita. Juni, kivuli cha mchana hapa kikiwa sentimita 52, hapo ndipo utahitaji pimamaji.

Kosa la tatu ndilo linaloua jaribio zima: kupima saa sita kamili kwa sababu kitabu kimesema saa sita. Tarehe 10 Machi, saa sita kamili, jua liko nyuzi 8 mashariki ya utosi. Mtu wa Garissa ataona kivuli cha sentimita 15 na zaidi. Akidhani Mombasa haina kivuli, atapata dunia yenye mzingo wa kilomita 16,500 na kitu, chini ya nusu ya ile tunayoikanyaga. Msitegemee saa peke yake. Anzeni kutia alama saa sita na robo, kila baada ya dakika 3, mpaka saa saba kasorobo. Alama zile zitapangika mstari, na mstari huo ni mashariki na magharibi. Kipimo mnachokitaka ni umbali mfupi kabisa kutoka kwenye alama ya timazi hadi kwenye mstari. Wingu likipita dakika ile yenyewe, hamna hasara, mstari utawaambia.

La nne, umbali. Msichukue kilomita za basi. Barabara ya kupitia Malindi na Garsen yazunguka, na kila kilomita ya ziada itazidishwa mara 100. Tumieni ramani na rula.

Na si lazima mngoje Machi. Siku yoyote ya jua pimeni pande zote mbili, tafuteni pembe mbili, toeni moja kutoka kwa nyingine. Jibu ni 3.6 vile vile. Tahadhari iko kwenye siku chache baada ya tarehe 10 Machi, na nyingine kabla ya tarehe 3 Oktoba, jua linapokuwa kati ya miji hii miwili. Kivuli cha Mombasa chaelekea kusini na cha Garissa kaskazini. Hapo mnajumlisha. Andikeni upande wa kivuli kila mara, si urefu tu.

Kuna mjanja huko nyuma anayetaka kuuliza: je, kama dunia ni bapa na jua liko karibu, si vivuli vingetofautiana vile vile? Swali zuri, na kwa miji miwili tu hamwezi kumjibu. Dunia bapa yenye jua kimo cha kilomita 6,360 ingetoa kivuli kile kile cha sentimita 6.3 Garissa. Mwahitaji mahali pa tatu, na pa tatu mwapajua. Makka iko longitudo nyuzi 39 na dakika 50, karibu mstari mmoja na sisi, ndiyo sababu Kibla cha Mombasa ni kaskazini moja kwa moja. Saa ya huko ni sawa na yetu. Umbali ni kilomita 2,820 hivi. Tarehe 10 Machi jua linapopinduka, dunia ikiwa bapa, fimbo ya mita moja Makka ingetoa kivuli cha sentimita 44. Dunia ikiwa mviringo, ni karibu sentimita 47 na nusu. Tofauti ya sentimita 3 na zaidi yapimika kwa rula ya shule. Mwenye ndugu Makka ampigie simu mapema, amtumie maelezo ya kadi na timazi, kisha wapimane.

Jambo moja kabla ya kuacha jua: msilitazame kwa macho, wala kupitia lile tundu. Mgongo kwa jua, macho chini.

Misimu tuipitie upesi. Husemwa kwamba joto huja dunia ikikaribia jua. Dunia huwa karibu zaidi mwanzo wa Januari, kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzo wa Julai, milioni 152. Ingekuwa hiyo ndiyo sababu, London wangeota jua Januari. Kinachotenda kazi ni mwinamo wa mhimili, nyuzi 23 na nusu kasoro kidogo. Kwetu mwinamo huo hubadilisha urefu wa mchana kidogo sana: saa 11 na dakika 53 mwezi Juni, saa 12 na dakika 21 mwezi Disemba. Ndiyo maana hesabu yetu ya saa, inayoanza jua likichomoza, hufaa hapa na ingemchanganya mtu wa Norwei.

Ukaribu wa ikweta una faida nyingine. Ardhi chini ya viti vyenu yaenda mashariki kwa mita 464 kila sekunde. Chombo kikirushwa kuelekea mashariki hupata msukumo huo bure, na kinahitaji karibu kilomita 8 kwa sekunde ili kibaki angani. Waitalia walijenga jukwaa la San Marco baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kutoka hapo, tarehe 12 Disemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Siku ile ilikuwa sikukuu ya Jamhuri, nayo ikaitwa Uhuru.

Sasa bahari. Nani huvuta maji zaidi, jua au mwezi? Jua lina uzito mara milioni 27 ya mwezi, basi wengi husema jua. Lakini kinachoinua maji ni tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa dunia na wa pili, na tofauti hiyo hupungua kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Jua liko mbali mara 389 kuliko mwezi. 389 mara 389 mara 389 ni karibu milioni 59. Gawanya 27 kwa 59: jua lina chini kidogo ya nusu ya nguvu za mwezi katika kazi hii.

Neno hilo, tofauti, ndilo linaloeleza kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku. Maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, basi yatangulia. Kitovu nacho huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa nyuma, basi dunia yayaacha nyuma. Vinatokea vilima viwili vya maji, nasi twapita chini ya vyote viwili. Mwezi nao wasonga mbele, hivyo siku ya maji ni saa 24 na dakika 50, na kila kukicha maji hujaa yamechelewa.

Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huwa bamvua. Hapa Kilindini tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, na tofauti hushuka mpaka karibu mita moja.

Hapa ndipo kitabu na bahari hugombana. Mchoro unaonyesha kilima cha maji moja kwa moja chini ya mwezi. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi uko juu kabisa karibu saa sita usiku. Kwa mchoro, maji yajae saa sita. Muulize mvuvi yeyote wa Mji wa Kale. Bamvua hujaa saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa saa nne kuelekea saa tano. Vilima vile vingeweza kuufuata mwezi kama dunia yote ingekuwa bahari yenye kina kikubwa mno. Bara la Afrika limesimama njiani, kina ni kilomita chache tu, na maji huzunguka ndani ya beseni la Bahari ya Hindi kwa mwendo wake mwenyewe. Kila bandari ina ucheleweshaji wake. Wa kwetu ni muda wa saa nne, toka saa sita hadi saa kumi.

Kwa hiyo mwaweza kukisia wenyewe. Chukua siku tangu mwezi kuandama, zidisha kwa dakika 49, ongeza kwenye saa kumi. Siku ya 8: 8 mara 49 ni dakika 392, yaani saa 6 na dakika 32. Maji yatajaa karibu saa nne u nusu, asubuhi na usiku. Utakosea mpaka saa nzima, zaidi siku za maji mafu, kwa sababu jua nalo husogeza vilima mbele na nyuma. Ni kisio la darasani. Anayeshuka baharini asome jedwali la maji la bandari.

Na anayetembea juu ya mwamba Nyali au Bamburi ashike hesabu hii ya mabaharia. Maji hayapandi sawasawa. Gawa kimo chote kwa 12: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya mita 3.2 hupanda sentimita 27 tu saa ya kwanza, na mtu hujiona ana wakati tele. Saa ya pili ni 53. Saa ya tatu ni 80. Mfereji kati ya mwamba na ufuo hujaa kabla ya mwamba wenyewe, basi unayesimama pakavu nyuma yako tayari pana kina. Geuka maji yanapoanza kurudi, usingoje yakuguse miguu.

Mwamba huo wenyewe una habari. Jiwe la kisiwa hiki, lile lililochongwa kujenga Ngome ya Yesu tangu 1593, ni matumbawe. Tazama ukuta kwa karibu utaona vinyota vya matumbawe na vipande vya makombe. Matumbawe hukua chini ya maji tu, na ukuta uko juu. Yaliishi miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Baadaye barafu ikatanda nchi za kaskazini, ikafunga maji, na miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Mito ikachimba mabonde kuifuata. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi na kuyajaza. Mabonde hayo yaliyozama ndiyo Tudor, Mtwapa na Kilindini, na ndiyo sababu meli kubwa zaingia hadi gatini. Wazee walioita mahali Kilindini, penye kilindi, walikuwa wameshapima kwa bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina.

Kadi, timazi na ramani ziko mezani pamoja na karatasi ya kuandikia vipimo. Kila kundi watu wanne: mmoja timazi, mmoja saa, mmoja kalamu, mmoja simu ya Garissa. Jaribuni wiki nzima kabla ya tarehe 10, ili makosa ya siku ya kwanza yasiangukie siku yenyewe. Haya, maswali.